Shahidi wetu asiye na siku

Kila mwaka, ifikapo wiki ya mwisho ya mwezi wa Mei, barabara itokayo Busia kupitia Adungosi hadi Malaba hubadilika sura. Malori hayapungui, wala bodaboda hazipungui, lakini kandokando yao hupita makundi ya watu waendao kwa miguu, wake kwa waume, wazee kwa vijana, rozari shingoni na chupa za maji mkononi. Hawa ni mahujaji. Wanakwenda Namugongo, nje kidogo ya mji wa Kampala, mwendo wa zaidi ya kilomita mia mbili kutoka mpakani, wapate kufika kabla ya Juni 3, siku ya Mashahidi wa Uganda. Wengine huwa wametembea majuma kadhaa kutoka kaunti za mbali. Hawa wa kwetu hujiunga nao penye mpaka, wakiwa na nguvu mpya na viatu visivyochakaa bado.

Mwaka huu nilikuwa nyumbani walipopita. Niliketi chini ya mwembe pamoja na mwalimu wangu wa shule ya msingi, ambaye sasa ni mzee aliyestaafu, tukawatazama. Walikuwa wakiimba. Mwalimu aliwapungia mkono mpaka wa mwisho wao alipopotea, kisha akanigeukia.

"Daktari," akasema (huniita hivyo kwa utani, maana ndiye aliyenifundisha kushika kalamu), "hawa wanakwenda kumkumbuka Kizito, mtoto aliyechomwa moto huko ng'ambo kabla babu yangu hajazaliwa. Ni jambo jema. Lakini hebu niambie, ni nani aendaye Kipkaren?"

Sikumjibu. Nilijua alikuwa anamsema nani, na nilijua kwamba katika kundi lile lote la waimbaji huenda asipatikane hata mmoja aliye chini ya miaka thelathini ambaye angemwelewa. Swali hilo limenikaa kooni tangu siku ile, na ndilo lililonifanya nichukue kalamu.

Tuanze na Namugongo kwanza, maana huko ndiko kumbukumbu ilikofaulu. Mnamo Juni 3, 1886, Karoli Lwanga na wenzake, vijana watumishi wa Kabaka Mwanga, walichomwa moto kwa sababu walikataa kuiacha imani yao mpya. Mdogo wao, Kizito, alikuwa na umri wa miaka kumi na minne hivi. Wakatoliki wanahesabu mashahidi ishirini na wawili, waliotangazwa watakatifu na Papa Paulo wa Sita mnamo Oktoba 18, 1964. Waanglikana nao wana wao ishirini na watatu, waliouawa katika dhoruba hiyo hiyo. Wasomaji Waislamu watanikumbusha, nao wana haki, kwamba kabla ya hao wote, katika miaka ya 1870, Kabaka Mutesa aliwaua vijana Waislamu wa jumba lake ambao walikataa kula nyama iliyochinjwa kinyume cha sheria ya dini yao. Hao nao wanakumbukwa Namugongo, ijapokuwa mahujaji wao ni wachache na kelele zao ni ndogo.

Anayetaka kupima jinsi kumbukumbu hiyo ilivyozama katika eneo letu asihesabu mahujaji. Afungue daftari la mahudhurio la shule yoyote ya upande huu wa mpaka. Atawakuta akina Kizito, Lwanga, Mukasa na Mugagga, watoto wa Wateso, wa Waluhya na wa Wajaluo, ambao wazazi wao hawajui hata sentensi moja ya Kiganda. Sisi watu wa isimu tunaichukua orodha ya majina kuwa ushahidi mzito kuliko mnara wa saruji. Mnara hujengwa na kamati. Jina hutolewa na mama aliyelala kitandani akiwa na mtoto wa siku tatu. Kwa kweli, kumpa mtoto jina ndiyo sikukuu ya kwanza ya watu wetu. Mtoto azaliwapo wakati wa mvua Mteso humwita Okiru, Mluhya humwita Wafula, Mjaluo humwita Okoth. Azaliwapo wakati wa njaa, Mluhya humwita Wanjala. Kwa njia hiyo mwaka wa njaa hutembea sokoni, huoa, hupata wajukuu, na hausahauliki hata kama serikali ya siku zile ilikana kwamba njaa ilikuwapo.

Kuna jambo jingine ambalo mahujaji wetu aghalabu hawaambiwi, nalo ni kwamba hadithi ya Namugongo ilipitia kwetu kabla ya kufika huko. Mnamo Julai 1885 Askofu James Hannington aliondoka pwani akiwa na wapagazi zaidi ya mia mbili, akakata nchi ya Wamasai, akafika Kwa Sundu, mahali tunapopaita Mumias leo. Hapo aliwaacha wengi wa wapagazi wake chini ya kasisi Mwafrika, William Jones wa Frere Town, naye akaendelea magharibi na watu wapatao hamsini kuelekea Busoga. Kabaka aliwaogopa wageni watokao mashariki, kwa kuwa ilisemwa kwamba watakaoiangusha Buganda watatokea upande huo. Oktoba 29 Hannington akauawa huko Busoga, na pamoja naye karibu watu wake wote. Yosefu Mukasa Balikuddembe alipothubutu kumkemea Kabaka kwa mauaji hayo, yeye naye akauawa mnamo Novemba 15, akawa wa kwanza katika orodha ya Wakatoliki. Kule kwa Sundu, William Jones alingoja mpaka alipohakikisha habari, kisha akawarudisha waliosalia hadi pwani, wakiwa wameinua bendera ya buluu yenye neno moja la Biblia lililoandikwa kwa herufi nyeupe: Ikabodi, utukufu umeondoka.

Hannington ana siku yake katika kalenda ya Waanglikana. Wapagazi wale hamsini hawana. Walikuwa watu wa pwani na wa bara, wasemaji wa Kiswahili, na pengine wao ndio waliotamka kwa mara ya kwanza maneno mengi ya Kiswahili katika vijiji vya njia hiyo. Hawakuulizwa kama wanaikana dini au hawaikani. Waliuawa kwa sababu walikuwa wamebeba mizigo ya mtu mwingine. Basi hapo ndipo lugha inapoanza kutubana, maana hatuna jina la kuwaita.

Kiswahili kina maneno mawili kwa mtu wa namna ya Kizito. La kwanza ni shahidi, tulilolitoa katika Kiarabu, lenye maana ya mtu aliyeona na anayesema alichokiona, awe yuko mahakamani au yuko motoni. Si Waarabu peke yao waliounganisha mambo hayo mawili. Neno la Kiyunani lililotumiwa na Wakristo wa kwanza nalo lilikuwa na maana ya mtoa ushahidi kabla ya kuwa na maana ya aliyeuawa. La pili ni mfiadini, ambalo tumelifinyanga wenyewe kutoka kitenzi kufa katika kauli ya kutendea: kufia. Mtu hufa tu. Lakini afapo kwa ajili ya kitu, amekifia. Mwanafunzi atambue kwamba kauli hiyo hiyo hutuonyesha mahali: fulani alifia hospitalini, fulani alifia njiani. Kiambishi kimoja, na ndani yake sababu na mahali vimekaa pamoja. Nitalirudia jambo hili.

Sasa niliseme lile la Kipkaren. Alexander Kipsang Muge alikuwa Askofu wa Kanisa la Kianglikana, Dayosisi ya Eldoret, tangu mwaka 1983. Kabla ya kuwa kasisi alikuwa askari katika kikosi cha GSU, na waliomsikia husema kwamba mimbarani alisimama kama askari. Alipinga kura ya mlolongo, ile ya kupanga foleni nyuma ya mgombea, ambayo ilitumiwa katika uchaguzi wa 1988 na kuwapitisha watu waliokuwa na mistari mifupi. Alisema dhidi ya ufisadi na unyakuzi wa ardhi, wakati ambapo maneno hayo mawili yalikuwa hayajawa wimbo wa kila mwanasiasa. Wala hakuwa mtu wa kundi. Mara kadhaa alihitilafiana hata na viongozi wenzake wa makanisa waliokuwa wakiikosoa serikali, na anayetaka kumfanya malaika wa vyama vingi atapata taabu akisoma magazeti ya miaka ile.

Mwaka 1990 ulikuwa mwaka mbaya. Februari, Waziri wa Mambo ya Nje, Robert Ouko, aliuawa. Julai 7 watu walikusanyika Kamukunji, Nairobi, kudai vyama vingi, na risasi zikatumika. Mwezi wa Agosti ulipofika, Waziri wa Leba, Peter Okondo, ambaye alikuwa mbunge wa Bunyala katika Wilaya ya Busia, alitangaza hadharani kwamba Askofu Muge na Askofu Henry Okullu wasithubutu kukanyaga Busia; wakija wataona moto, na huenda wasitoke wakiwa hai. Adungosi wakati huo ilikuwa ndani ya wilaya hiyo hiyo, kwa maana Wilaya ya Teso ilikuwa haijakatwa. Kwa hiyo waziri alikuwa akisema kwa niaba yetu sisi, na sisi hatukuwa tumemtuma.

Muge akajibu kwamba atakuja, na kwamba akifa, damu yake itamwandama waziri huyo. Mnamo Jumanne, Agosti 14, 1990, alikuja. Aliingia Busia, akasema na watu, akaondoka akiwa hai. Katika safari ya kurudi Eldoret, pale Kipkaren, gari lake liligongana na lori la maziwa, akafa papo hapo. Siku chache baadaye Okondo alijiuzulu. Dereva wa lori alishtakiwa kwa uendeshaji wa hatari uliosababisha kifo, akahukumiwa kifungo cha miaka saba, akafia gerezani kabla ya kukimaliza.

Hayo ndiyo tunayoyajua. Nilikuwa na umri wa miaka tisa. Shule zilikuwa zimefungwa, na habari ilitufikia kwa redio ya duka jioni. Nakumbuka watu wazima wakisogea karibu na redio na kisha, habari ilipokwisha, wakisogea mbali nayo, kana kwamba ilikuwa imewaka moto. Hakuna aliyesema neno. Muuza duka alianza kupima sukari ambayo hakuna aliyeiagiza.

Shule zilipofunguliwa mwezi wa Septemba, Mwalimu aliingia darasani katika kipindi cha insha, akaandika tarehe ubaoni, Agosti 14, na chini yake: andika ulichosikia. Tuliandika. Siku ya pili mkuu wa shule aliingia, akakusanya madaftari, akaifuta tarehe ile kwa kiganja chake mwenyewe ijapokuwa kifutio kilikuwa mezani. Mwalimu alihamishwa muhula uliofuata, akapelekwa mbali, na mke wake akabaki na watoto watano. Sitaitaja shule, wala sitamtaja mkuu, ambaye huenda aliogopa kuliko sisi sote. Ninalotaka kusema ni kwamba kabla madaftari hayajachukuliwa Mwalimu alikuwa amekwisha kusahihisha la kwangu. Nilikuwa nimeandika, kwa mwandiko wa darasa la nne, kwamba Askofu aliuawa. Mwalimu alikuwa amelipigia mstari mwekundu neno hilo, na pembeni ameandika: na nani?

Nililia, nikidhani nimekosea sarufi.

Nimesoma isimu kwa miaka mingi tangu siku hiyo, nikaipata shahada ya uzamivu, na sijapata bado swali lililo zito kuliko lile. Kauli ya kutendwa ni chombo cha ajabu. Inamruhusu msemaji kuleta kitendo na kumficha mtenda. Ukisema aliuawa, umeshadai kwamba yuko mtu aliyeua, hata kama hukumtaja. Ukaidai hukumu bila kuleta ushahidi. Ukisema alikufa, umemwondoa mtenda kabisa, kana kwamba kifo kilianguka juu yake kama tunda bivu. Ukisema alifariki katika ajali, umeingiza neno ajali ndani ya sentensi yenye sura ya heshima, na msikilizaji atalimeza pamoja na heshima hiyo. Kwa hiyo kila mtu anayesimama kumkumbuka Muge hulazimika kuchagua kitenzi, na akishachagua kitenzi ameshatoa hukumu ya kesi ambayo haikusikilizwa mpaka mwisho.

Jirani zetu wa ng'ambo wanalijua jambo hili kwa uchungu. Februari 16, 1977, Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa mikononi mwa serikali ya Idi Amin, pamoja na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth Ofumbi. Oboth Ofumbi alikuwa mtu wa Tororo, mji ambao ukiwa Malaba unaliona jabali lake. Redio ya serikali ilitangaza kwamba watu hao watatu walikufa katika ajali ya gari. Hakuna aliyeamini, na utawala ule ulipoanguka uongo huo haukuwa na wa kuutetea tena. Leo Februari 16 ni siku ya mapumziko nchini Uganda, na sanamu ya Luwum imesimama tangu 1998 juu ya mlango wa magharibi wa kanisa la Westminster Abbey, London, pamoja na wengine tisa wa karne ya ishirini. Wako wanaosema: kwa Luwum ilikuwa ajali ya uongo, basi na kwa Muge ilikuwa hivyo hivyo. Mimi sisemi hivyo. Kufanana kwa visa viwili si ushahidi. Ajali za kweli zipo, na barabara ile ya Eldoret imewaua watu wengi ambao hakuna waziri aliyewatisha. Lakini tishio la hadharani la waziri, likifuatwa na kifo cha aliyetishwa siku ile ile aliyokaidi tishio, ni jambo ambalo taifa lenye heshima halilifuti ubaoni kwa kiganja.

Baadhi ya wasomaji watasema dawa ni moja: Agosti 14 itangazwe siku ya mapumziko. Naomba tusifanye hivyo. Tumeona jinsi serikali zinavyozitendea siku. Chukueni Oktoba 10. Ilikuwa Siku ya Moi. Katiba ya 2010 ikaiondoa, ikabakiza siku tatu tu za kitaifa, yaani Madaraka, Mashujaa na Jamhuri. Mwaka 2017 Mahakama Kuu ikasema kwamba kwa mujibu wa sheria ya sikukuu bado ni siku ya mapumziko. Mwishoni mwa 2019 ikabatizwa Siku ya Utamaduni, na mwaka 2024 ikabatizwa tena, Siku ya Mazingira. Tarehe ni ile ile, wananchi wanalala nyumbani vile vile, na jina hubadilishwa kama shati. Hata Oktoba 20, ambayo ilianza kwa kukumbuka kukamatwa kwa Jomo Kenyatta na wenzake mwaka 1952, ilibeba jina la mtu mmoja kwa miongo mingi kabla ya katiba kuirudisha kwa mashujaa wote. Neno tulitumialo kwa shughuli hizi ni maadhimisho, na shina lake la Kiarabu linahusu ukubwa na utukufu. Kuadhimisha ni kukuza. Kukumbuka ni jambo jingine, nalo ni la Kibantu, la nyumbani, halihitaji gwaride.

Walimu wenzangu wa Kiswahili, ninyi mnayo tarehe moja ambayo inafundisha jambo hili kuliko hotuba zangu. Julai 7, kwa Mtanzania, ni Saba Saba ya kuzaliwa kwa TANU mwaka 1954, na baadaye ni maonyesho ya biashara. Kwa Mkenya ni Saba Saba ya Kamukunji, 1990. Kwa dunia nzima, tangu UNESCO ilipotangaza mwishoni mwa 2021, ni Siku ya Kiswahili Duniani. Mnamo Julai 7, 2025, mwaka mmoja baada ya vijana kuuawa katika maandamano ya Juni 25, 2024, polisi walizifunga barabara za kuingilia Nairobi, na siku hiyo hiyo wapenzi wa Kiswahili walikuwa wakiiadhimisha lugha yao kwa mashairi na vigelegele. Neno moja, tarehe moja, na watu wanaokumbuka mambo matatu bila kusikilizana. Mimi nimewahi kualikwa kutoa hotuba ya siku hiyo, nikazungumza nusu saa nzima juu ya kuenea kwa Kiswahili bila kutaja Kamukunji hata mara moja. Aibu hiyo ni yangu.

Ipo siku moja ya dunia ambayo naiona inafaa kuwa kielelezo. Mnamo Machi 24, 1980, Askofu Mkuu Óscar Romero wa San Salvador alipigwa risasi akiwa altareni. Kanisa Katoliki lilimtangaza mtakatifu mwaka 2018. Lakini kabla ya hapo, mwaka 2010, Umoja wa Mataifa ulikwisha kuichukua tarehe ya kifo chake na kuifanya siku ya haki ya kujua ukweli kuhusu ukiukaji mkubwa wa haki za binadamu. Angalieni uchaguzi huo. Siku hiyo inamheshimu Romero, lakini jina lake rasmi linaanza na haki ya watu walio hai: wajane, mayatima, majirani, wanaotaka kuambiwa kilichotokea. Mtu aliyekufa amefanywa mlango wa swali. Sisi, kwa desturi yetu, mtu aliyekufa tunamfanya kifuniko.

Basi ombi langu ni dogo, na ni kwa shule za Busia peke yake. Agosti 14 huangukia likizo, kwa hiyo hata tukitaka mkusanyiko hatutaupata. Lakini muhula wa tatu ukifunguliwa, mwalimu wa historia au wa Kiswahili achukue kipindi kimoja, dakika arobaini, aandike tarehe hiyo ubaoni, awaambie wanafunzi waende wakawaulize babu na bibi zao walikuwa wapi siku ile na walisikia nini. Wakirudi, waandike. Asiwape jibu. Asiwaambie ni mtakatifu, asiwaambie ni ajali. Awaonyeshe vitenzi vitatu, alikufa, alifariki, aliuawa, na awatake kila mmoja aeleze kwa nini amechagua alichochagua. Wazee wale wanakwisha. Waliosogea mbali na redio jioni ile sasa wana miaka sabini na themanini, na kila mazishi ninayohudhuria Adungosi hupunguza ukurasa mmoja wa insha ambayo haijaandikwa.

Nataka pia, ikiwezekana, wapagazi wa Hannington waingie katika kipindi hicho, na hata wale vijana wa baiskeli waliokuwa wakivusha watu na mizigo kati ya mipaka miwili hapa Busia na Malaba, ambao kwao Afrika Mashariki ilipata neno bodaboda. Huyu nawataja kwa upendeleo, kwa sababu ni neno letu. Lakini tusichanganye mambo.

Mwezi uliopita mwalimu mmoja kijana wa shule ya sekondari jirani alinialika nijaribu kipindi hicho kabla ya wakati wake. Nilimchukua Mwalimu. Alikataa kuketi mbele. Akaketi nyuma kabisa, kofia magotini. Niliandika tarehe ubaoni, nikasimulia kama nilivyosimulia hapa, nikaeleza mfiadini na shahidi, kufa na kufia, na kauli ya kutendwa. Wanafunzi walikuwa hamsini na wawili. Waliowahi kulisikia jina la Muge walikuwa wanne, na mmoja wao alidhani ni jina la uwanja wa michezo.

Nilipouliza kama kuna swali, msichana wa kidato cha tatu alisimama.

"Daktari, shikamoo. Umesema Kizito alifia dini. Askofu tunaweza kusema alifia haki, au alifia barabarani, tuchague wenyewe. Na huyo dereva wa lori umesema alifia gerezani. Yeye alifia nini?"

Nilimtazama Mwalimu kule nyuma. Alikuwa ametoa kalamu, anaandika swali lile juu ya kipande cha gazeti. Kengele ililia, lakini hakuna aliyeinuka.